Alama anazo, ufadhili upo: mbona pesa bado hazitoshi?

*Swali: Binti yangu yuko kidato cha nne katika shule ya upili ya umma hapa Kilifi. Wastani wake ni A- na walimu wanatarajia asishuke hapo kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya Novemba. Tumeona chuo kikuu cha kibinafsi cha Marekani kinachotangaza ufadhili wa hadi dola 28,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa kigeni wenye alama za juu. Karo yake ni dola 46,000. Kuna wakala anayesema kwa alama hizo ufadhili ni lazima aupate, na anataka shilingi 80,000 ili ashughulikie. Baba yake ni mwalimu wa shule ya msingi, mimi nina duka dogo. Tukijibana tunaweza kutoa shilingi 400,000 kwa mwaka. Je, atafuzu? Na ni lazima afanye SAT?*

Mama, kufuzu huenda akafuzu. Mwanafunzi wa A- mwenye alama nzuri za SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya Marekani, hukubaliwa na vyuo vingi vya kibinafsi vya Marekani, na vingi vitampa ufadhili wa kiasi fulani. Wasiwasi wangu uko kwenye kile kitakachobaki baada ya ufadhili, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua kama atapanda ndege, na naona wakala hajakutajia.

Hebu tupige hesabu. Karo ya dola 46,000 ni sehemu tu ya gharama ya mwaka. Ongeza bweni na chakula, tuseme 15,000. Ongeza bima ya afya, ambayo vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kuwa nayo, 2,500. Vitabu, nguo za baridi na matumizi madogo, 2,500 nyingine. Jumla ni 66,000. Tukichukulia kwamba atapewa 28,000 zote, zinabaki 38,000. Dola ikiwa shilingi 129, hizo ni kama milioni 4.9 kila mwaka, kwa miaka minne. Shilingi zenu 400,000 ni takriban dola 3,100. Pengo ni karibu dola 35,000 kwa mwaka, na hapo sijahesabu nauli.

Pengo hilo halizibwi kwa vibarua. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi yenyewe iwe ndani ya chuo. Akilipwa dola 12 kwa saa kwa wiki 30, atapata 7,200 kabla ya makato. Isitoshe, chuo hakikubali mshahara ambao bado haujapatikana uwe uthibitisho wa fedha. Kabla ya kutoa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo ubalozi haumpi viza ya masomo, chuo hudai kuona ushahidi kwamba gharama zote za mwaka wa kwanza zipo: ufadhili, akaunti ya benki, au barua ya mdhamini yenye taarifa za benki. Hapa ndipo wengi hukwama. Barua ya kukubaliwa iko mkononi, ufadhili umeandikwa kwa herufi nzito, na I-20 haitoki.

Kwa nini chuo kitoe pesa nyingi hivyo halafu zisitoshe? Kwa sababu katika vyuo vingi hizo si pesa zilizotengwa mahali, ni punguzo la bei. Wewe una duka, utalielewa hili haraka: muuza leso anayetaja 2,000 akijua atauza kwa 1,200 hajakupa 800. NACUBO, chama cha maafisa wa fedha wa vyuo vya Marekani, kimeripoti kwa miaka ya karibuni kwamba vyuo vya kibinafsi visivyo vya faida hupunguza, kwa wastani, zaidi ya nusu ya karo iliyotangazwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo dola 28,000 kwenye karo ya 46,000 si bahati ya ajabu. Ndiyo bei ya kawaida ya chuo hicho kwa mwanafunzi wanayemtaka, ila imefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Na kwa kuwa ni punguzo la karo, haligusi bweni wala chakula.

Neno la kulitazama kwenye tangazo ni "hadi". Ofisi ya udahili huwa na jedwali: upande mmoja wastani wa alama za shule, upande wa pili SAT, na kila kisanduku kina kiasi chake. Dola 28,000 ni kisanduku cha juu kabisa, kwa mfano wastani wa 3.9 kwa 4 na SAT ya 1,450. Mwenye 3.5 na SAT ya 1,200 anaweza kuangukia 16,000. Vyuo vingine huchapisha jedwali hilo kwenye tovuti, vingine hulificha. Likiwa limechapishwa, soma kama linawahusu wanafunzi wa kigeni, maana mara nyingi wana jedwali lao. Na ile kalkuleta ya gharama ambayo sheria ya Marekani huvitaka vyuo kuiweka mtandaoni usiitegemee. Imetengenezwa kwa familia za Marekani, na mara nyingi huhesabu misaada ya serikali yao ambayo binti yako hawezi kuipata.

Badala yake, mwandikie barua pepe afisa wa udahili wa wanafunzi wa kigeni. Muulize kama ufadhili huo ni kwa wageni pia, kama unaweza kujumlishwa na mwingine na jumla inaishia wapi, na ni masharti gani ya kuuhifadhi mwaka hadi mwaka. Kisha uliza hili, ambalo wengi huliona aibu: familia ionyeshe kiasi gani cha chini kabisa ndipo mtoe I-20? Akijibu dola 25,000, mmeokoa muda. Chuo hicho si chenu, hata kikimpenda binti kiasi gani.

Sasa, pesa zinazoweza kufikia kiasi mnachohitaji ziko wapi? Ziko sehemu mbili, na zote ni ngumu.

Ya kwanza ni ufadhili wa kushindaniwa wenye jina, unaotolewa kwa watu wachache. Johnson Scholarship ya Washington and Lee, Virginia, hulipa karo, bweni na chakula, na huwachukua wanafunzi takriban 44 kwa mwaka. Richmond Scholars ya University of Richmond nayo hugharamia karo, bweni na chakula. Vanderbilt ina ufadhili wa karo kamili wa majina kadhaa, na Boston University ina Trustee Scholarship. Lakini angalia tofauti ya maneno. Karo kamili si gharama zote. Boston bweni na chakula ni karibu dola 20,000 kwa mwaka, na kwa bajeti yenu hata karo ikifutwa yote bado mmekwama, isipokuwa chuo kiongeze msaada wa uhitaji juu yake. Ufadhili wa namna hii hautolewi na jedwali. Kuna insha za ziada, kamati, na mara nyingi mahojiano ya mwisho. Wanaofika hapo wote wana A, kwa hiyo alama humwingiza tu mlangoni, na kinachomtofautisha ni alichofanya nje ya darasa kwa miaka kadhaa mfululizo. Vyeti vya semina za siku moja havisaidii.

Ya pili, ambayo kwa familia yenu naiona ndiyo njia yenyewe, ni vyuo vya kibinafsi vinavyofadhili kwa kigezo cha uhitaji na kukidhi uhitaji wote. Wengi hudhani Harvard, Yale na Princeton hutoa ufadhili kwa alama za juu. Hawatoi hata senti kwa alama. Vyuo vyote vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vyenye sifa kubwa, hufadhili kwa uhitaji peke yake. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin humtathmini mwombaji, hata wa kigeni, bila kujali kama ana pesa, na akikubaliwa hulipia chote ambacho familia haiwezi. Kizuizi ni kuingia: Harvard hukubali chini ya waombaji 5 kwa kila 100.

Chini kidogo ya hapo kuna kundi ambalo mawakala hulitaja kwa nadra: Macalester kule Minnesota, na vyuo vya wanawake kama Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr. Hivi huangalia uwezo wa familia ya mgeni wakati wa kuamua, na mwenye uhitaji mkubwa hubanwa zaidi, lakini wakimkubali hukidhi uhitaji wote. Berea, Kentucky, haimtozi karo mwanafunzi yeyote. Kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na wageni wanaopokelewa hufadhiliwa kikamilifu mwaka wa kwanza, ingawa nafasi zao ni chache sana. Kwa njia hii mapato ya mwalimu na duka dogo si aibu ya kufichwa, ndiyo sehemu ya maombi. Mtajaza fomu ya kueleza fedha za familia: CSS Profile, ambayo ina ada, au ISFAA, ambayo haina. Andaeni stakabadhi za mshahara wa baba, daftari la mauzo ya duka na taarifa za M-Pesa na benki za miezi 12. Msipandishe mapato ili mwonekane mnajiweza, wala msiyashushe. Na jambo moja lisiwaponyoke: katika vyuo vingi vya aina hii, mgeni asiyeomba msaada wakati wa kuomba nafasi hawezi kuuomba baadaye, kwa miaka yote minne.

Kuhusu SAT, ningesema afanye. Vyuo vingi bado vinasema si lazima, ila kauli hiyo mara nyingi inahusu kukubaliwa. Kwenye ufadhili, mwenye alama hizo huwa na faida. Kwa mwanafunzi wa shule ya umma ambayo afisa wa udahili hajawahi kuisikia, SAT ni kipimo pekee anachokielewa bila kuelezwa. Mtihani siku hizi ni wa kidijitali: saa 2 na dakika 14, maswali 98, kwenye kompyuta au tableti kupitia programu ya Bluebook. Simu haikubaliwi. Kila sehemu ina vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili hutegemea alivyofanya cha kwanza, kwa hiyo anayeharakisha maswali mepesi ya mwanzo na kuyakosa hujifungia mlango wa alama za juu. Watoto wetu wa KCSE hesabu huzimudu, wakishazoea lugha ya maswali. Kusoma na kuandika ndiko kunakowashusha. Majaribio kamili yako bure kwenye Bluebook, na mazoezi yako bure Khan Academy, hivyo sioni sababu ya kulipia kozi ya bei kabla hajafanya majaribio matatu ya bure na kusahihisha kila kosa. Ada ya mtihani nje ya Marekani hupita dola 100, nao msamaha wa ada umewekewa raia wao. Alenge 1,400 kwa ufadhili wa jedwali, na 1,500 kwa ule wa kushindaniwa. Pasipoti aombe mapema kupitia eCitizen. Siku ya mtihani ndicho kitambulisho kisicholeta ubishi, na viza itaihitaji vilevile.

Tukija kwenye alama, hapa pana kosa linalowaumiza Wakenya wengi. Vyuo hivi haviangalii KCSE peke yake. Huomba matokeo ya kidato cha kwanza hadi cha nne, muhula kwa muhula, na shule zetu hubana alama. Mwanafunzi anaweza kuwa wa kwanza darasani kwa hesabu akiwa na 61 kwa 100, na Mmarekani akiiona 61 anaona mtu aliyeponea chupuchupu. Dawa yake ni maelezo ya shule, ukurasa mmoja uliopigwa muhuri: idadi ya watahiniwa, wastani wa shule, A na A- zilizopatikana ni ngapi, wastani wa darasa katika kila somo, na mizani ya KCSE ambapo A ni pointi 12 na A- ni 11. Mwalimu mkuu au mshauri wa shule ndiye huituma. Wengi hawajawahi kuiandaa, kwa hiyo mpelekeeni orodha ya vinavyotakiwa, mwombe kwa adabu, na msingoje wiki ya mwisho. Nafasi yake darasani itajwe pia. "Wa 2 kati ya 214" inasomeka vizuri kuliko asilimia yoyote.

Suala la wakati linabadilisha mpango mzima. Maombi ya ufadhili mkubwa hufungwa kati ya tarehe 1 Novemba na mapema Januari, yaani wakati yuko kwenye chumba cha KCSE au anasubiri matokeo. Kuomba mwaka huu ni kugawanya akili yake mara mbili. Ningependelea amalize KCSE kwa utulivu, apokee matokeo Januari, afanye SAT kati ya Machi na Agosti, aombe kuanzia Agosti hadi Desemba, aanze Agosti ya mwaka unaofuata. Mwaka huo wa katikati si wa kupotea, afanye jambo lenye matunda yanayoonekana. Ila tahadhari: KUCCPS, idara inayogawa nafasi za vyuo vya Kenya, ikimpa nafasi katika chuo cha hapa, akasajiliwa na kuanza masomo ya digrii, vyuo vingi vya Marekani vitamhesabu mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili mwingi nilioutaja ni wa wanaoanza mwaka wa kwanza tu. Chuo cha hapa kiulizwe kwa maandishi kama kinaruhusu kuahirisha kabla hajasaini chochote. Na nafasi hiyo msiitupe, kwa sababu kuikosa Marekani kunawezekana kabisa.

Akipata ufadhili, soma barua mpaka mwisho. Sharti la kawaida ni kubaki na GPA, yaani wastani wa alama za chuo kwa 4, ya 3.0 au zaidi, kusajili angalau krediti 12 kila muhula, na kumaliza ndani ya mihula minane. Sharti la 3.5 katika uhandisi ni mtego, maana muhula wa kwanza huwaangusha hata walio wazuri. Uliza kama kuna muhula wa onyo kabla ufadhili haujakatwa. Angalia pia kama kiasi kimefungwa: karo ya 46,000 ikipanda 4 kwa 100 kila mwaka, mwaka wa nne ni kama 51,700, na punguzo limebaki palepale. Halafu kuna kodi. Ufadhili unaolipa karo na vitabu vinavyohitajika hautozwi, ila sehemu inayolipia bweni na chakula hutozwa na serikali ya Marekani, kwa kawaida 14 kwa 100 kwa wenye viza ya F-1, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Kwenye bweni na chakula cha 15,000, hizo ni 2,100 kwa mwaka. Mwanafunzi mwenye "ufadhili wa gharama zote" anapokuta deni la kodi Februari hudhani ni makosa ya ofisi. Si makosa.

Wakala. Hakuna aliye nje ya ofisi ya udahili anayeweza kuhakikisha ufadhili. Wengine hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi, jambo linaloruhusiwa, ila basi jueni anawapeleka kwa anayemlipa. Muulize: chuo kinakulipa? Na nani ataandika insha? Akisema ataiandika yeye, ondokeni, kwa sababu chuo kikigundua hufuta nafasi hata baada ya kuitoa. Shilingi 80,000 zinatosha SAT mara mbili, pasipoti, na ada za kutuma alama, tena zikabaki. Ada za maombi zenyewe vyuo vingi husamehe mkiomba.

Msaada wa ana kwa ana upo, tena bure. EducationUSA, huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani iliyo kwenye ubalozi wao Nairobi, hushauri kwa mkutano na mtandaoni. Matokeo ya Januari yakiwa A au A-, aombe KenSAP mara moja. Hiyo huchagua wanafunzi wachache wa Kenya na kuwaandaa kwa vyuo vya uhitaji nilivyovitaja. Zawadi Africa huwasaidia wasichana, na benki ya Equity huwa na programu yake kwa wanafunzi wake bora. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, KCSE na pasipoti likitofautiana hata herufi moja, lirekebisheni sasa kwa KNEC, baraza la mitihani, na ofisi ya usajili, kwani marekebisho ni ya pole pole. Na kwa wasomaji wa nchi jirani: tangu Juni 2025 Marekani imewawekea vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwemo, raia wa Burundi, na tangu Januari 2026 raia wa Tanzania. Ulizeni ubalozi kabla ya kulipa ada yoyote.

Mkienda Nairobi chukueni matokeo ya mihula yote, makadirio ya mapato ya nyumba kwa mwaka, na ile barua pepe ya afisa wa udahili inayosema kiasi cha chini cha I-20. Mshauri akiwa na vitu hivyo vitatu, mtazungumza kuhusu vyuo kwa majina yao.